Barua ya wazi kwa waandaaji wa mdahalo wa urais: kanuni za 2027 ziandikwe kabla ya majina kujulikana

Kwenu wamiliki wa vyombo vya habari, wahariri, makamishna wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC), na ninyi nyote mnaojiandaa kuwania urais tarehe 10 Agosti 2027,

Salamu za heshima.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na mlezi wa chama cha mdahalo katika shule ya upili. Ulezi huo hauna malipo, na aghalabu humwangukia mwalimu aliyechelewa kufika mkutanoni siku majukumu yalipogawanywa. Ndivyo nilivyoupata. Tangu hapo, kila Ijumaa alasiri namwona mwanafunzi akisimama mbele ya wenzake, magoti yakimcheza, na kuanza: "Bwana mwenyekiti, majaji waadilifu, mtunza muda mwaminifu, wapinzani wangu na hadhira tulivu..." Wengine husahau hoja zao zote wakifika hapo. Wanacheka wenzao, naye anacheka, anaanza upya. Hajakimbia. Nawaandikia kwa sababu watu wazima wanaotaka kutuongoza wamekimbia chaguzi mbili mfululizo, na sioni dalili kwamba mara ya tatu itakuwa tofauti msipofanya jambo mapema.

Nianze na yaliyopita, maana sisi wapigakura tunasahau upesi na wanasiasa wanalijua hilo vizuri.

Tarehe 11 Februari 2013, katika shule ya Brookhouse jijini Nairobi, tulipata mdahalo wa kwanza wa urais katika historia ya nchi hii. Hata kabla haujaanza ulikuwa na ugomvi wake. Orodha ya kwanza ya walioalikwa ilikuwa na watu sita. Paul Muite akaenda mahakamani kulalamika kuachwa nje, na mwishowe yeye na Mohamed Abduba Dida wakaongezwa. Wakasimama wanane jukwaani, mstari mmoja. Dida, mwalimu mwenzangu ambaye Wakenya wengi hawakuwa wamelisikia jina lake hadi usiku ule, kesho yake akawa gumzo kila mahali. Raila Odinga akamchokoza Uhuru Kenyatta kwamba itakuwa vigumu kuendesha serikali kwa Skype kutoka The Hague. Uhuru, aliyekuwa akikabiliwa na kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ikambidi ajibu pale pale, bila msemaji wala taarifa kwa wanahabari.

Kambi ya Uhuru ilikuja kutangaza kwamba hatahudhuria awamu ya pili, ikidai hakutendewa haki katika ile ya kwanza. Kisha akabadili nia. Tarehe 25 Februari alikuwa jukwaani, na suala la ardhi, pamoja na ile ya familia yake, likawekwa mezani nchi nzima ikitazama. Sidhani kama alilifurahia swali hilo. Lakini alikuwepo, na kwangu hilo lina uzito kuliko jibu lenyewe.

Miaka minne baadaye mambo yakaharibika. Mdahalo wa 2017 ulipangwa tarehe 10 Julai, kambi kubwa zikanung'unika, ukasogezwa hadi tarehe 24 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki (CUEA). Wiki moja kabla, katika mdahalo wa wagombea wenza, alijitokeza mmoja tu, wa mgombea huru ambaye wengi walikuwa hawamjui. Siku ya wakubwa ilipofika, Raila alisimama peke yake. Uhuru, sasa akiwa Rais anayetetea kiti chake, hakuonekana. Nilikuwa nimewaambia wanafunzi wangu watazame ili wajifunze namna ya kujibu hoja. Jumatatu ile wakajifunza kwamba ukiwa mkubwa vya kutosha, huhitaji kujibu hoja.

Halafu 2022. Tarehe 26 Julai, ukumbi ule ule. Safari hii aliyeingia mitini ni Raila. Kambi yake ilisema hatapanda jukwaa moja na mtu asiyejali maadili, ikatangaza kwamba badala yake atakutana na wananchi katika ukumbi wa Jericho, mtaa wa mashariki mwa Nairobi. William Ruto, ambaye kambi yake nayo ilikuwa imevilalamikia vyombo vya habari kwa upendeleo na kudai kilimo, afya na viwanda vipewe muda wa kutosha, akaja na kuhojiwa peke yake kwa takriban saa moja na nusu. Mapema jioni hiyo ilikuwa zamu ya wagombea wawili wadogo. George Wajackoyah alifika, akagoma kuingia, akitaka wagombea wote wakutanishwe pamoja, akaondoka. David Mwaure akabaki na wasimamizi.

Hebu lisomeni tena jambo hilo polepole. Wagombea walikuwa wanne tu nchi nzima. Usiku wa mdahalo ukapita bila hata wawili kati yao kujibizana kwa sekunde moja. Tuliita mdahalo kitu ambacho kilikuwa mahojiano mawili.

Ninavyoyaona, kiini cha ugomvi wote huu ni kimoja: kanuni zenu huandikwa wagombea wakiwa wameshajulikana. Mnazitangaza miezi michache au wiki kadhaa kabla ya kura, wakati kila kambi imeshapiga hesabu zake. Anayejiona mbele anauliza, nitapata nini nikienda? Anayejiona nyuma anauliza, nitapoteza nini? Kanuni yoyote mnayoitoa wakati huo, hata iwe njema kiasi gani, inasomwa kama njama ya upande fulani. Mkiweka kiwango cha asilimia 5 katika kura za maoni, wenye asilimia 2 wanasema mmewalenga wao. Mkichagua msimamizi, kuna picha yake ya zamani akicheka na mwanasiasa fulani. Mkipanga mada, aliye na kashfa anasema mada zote zinahusu kashfa yake.

Na tuseme kweli, malalamiko hayo si uongo mtupu. Kenya kila mtu anajua kituo kipi cha runinga kinaegemea wapi, na nani ni rafiki ya nani katika bodi. Mkulima anayesikiliza redio akikamua ng'ombe analijua hilo. Kwa hiyo mgombea akisema haviamini vyombo vya habari, hasemi jambo la ajabu. Ajabu ni kwamba anaviamini siku anapotaka kununua matangazo.

Nimewasikia watetezi wa kila upande wakigeuza kauli. Waliomwita Uhuru mwoga mwaka 2017, wengi wao mwaka 2022 walitueleza kwa ufasaha kwa nini ni hekima mtu kukataa mdahalo. Na waliosema mwaka 2017 kwamba Rais ana kazi zinazojionyesha na hahitaji maneno, mwaka 2022 walikuwa mstari wa mbele kulilia maneno. Mkuki kwa nguruwe. Marehemu Raila mwenyewe alionja pande zote mbili: aliachwa peke yake jukwaani, kisha akamwacha mwenzake peke yake. Silisemi hili kumkosea heshima, Mungu amlaze pema. Nalisema kwa sababu linaonyesha kwamba shida haiko kwa mtu fulani wala chama fulani. Yeyote mtakayempa hiari ya kukimbia, siku itakayomfaa atakimbia.

Wala si sisi peke yetu. Nchini Uganda mwaka 2016 Rais Museveni hakuhudhuria mdahalo wa kwanza wa Januari, akaja ule wa pili wa Februari alipoona vyema. Nigeria mwaka 2019 ilikuwa kali zaidi: Rais Buhari hakufika, na Atiku Abubakar, aliyekuwa amekwisha kufika ukumbini Abuja, alipoona mpinzani wake hayupo naye akageuza njia. Marekani, tunayopenda kuitaja kana kwamba ndiyo iliyozaa midahalo, baada ya Kennedy na Nixon kukutana mwaka 1960 ilikaa miaka 16 bila mdahalo wa urais wa uchaguzi mkuu. Baadaye wakaunda tume maalumu ya midahalo mwaka 1987, nayo ikafanya kazi kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 2024 Biden na Trump wakaiweka kando na kupatana moja kwa moja na vituo vya runinga. Chombo kinachosimama kwa hisani ya wagombea kinaweza kuangushwa siku yoyote wagombea wanapokubaliana kukiangusha.

Mfano unaonivutia unatoka Argentina. Mwaka 2015 Daniel Scioli, mgombea wa chama tawala, hakufika kwenye mdahalo, na waandaaji wakaiacha mimbari yake tupu, ionekane. Mwaka uliofuata bunge lao likapitisha sheria inayowalazimu wagombea urais kuhudhuria. Asiyehudhuria ananyimwa muda wa bure wa matangazo anaopewa na serikali, na nafasi yake jukwaani inaachwa wazi kando ya wenzake. Hawamfungi wala kumfutia ugombea. Wanamwachia kiti chake, basi.

Sisi hatuna sheria ya namna hiyo, na sijaja kuiomba. Naogopa tukiipeleka bungeni itarudi ikiwa na vipengele vya kuwafunga wanahabari. Ninachoomba kiko ndani ya uwezo wenu bila kubadili hata nukta ya sheria.

Kwanza, toeni kanuni sasa. Si mwezi wa Mei 2027, sasa, wakati hakuna anayejua kwa hakika nani ataungana na nani na nani atakuwa debeni. Mtu akiandika kanuni za mchezo kabla ya kujua atachezea timu gani, huandika kwa haki zaidi. Hilo hata watoto wanaocheza kati wanalijua. Andikeni siku, ukumbi, urefu wa jibu, namna wasimamizi watakavyochaguliwa, na nani anaingia. Zikishatoka, zisibadilishwe kwa simu ya mtu.

Kuhusu nani anaingia, nina maoni yangu na mnaweza kuyapuuza. Huo mgawanyo wa wakubwa na wadogo umetuletea hasara kuliko faida. Mwaka 2013 wanane walitoshea. Mwaka 2022 mliwagawa watu wanne mafungu mawili kana kwamba jukwaa lingevunjika. Mtu aliyeidhinishwa na IEBC, aliyekusanya saini zake na kulipa ada yake, ni mgombea. Wakifika kumi na watano, hapo mnaweza kupiga kura ya bahati nasibu, mkawapanga usiku mbili kwa kuchanganya wakubwa na wadogo. Lakini kura za maoni zisigeuzwe tiketi ya kuingia ukumbini. Nusu ya hamu ya mdahalo wa 2013 ilitoka kwa watu ambao kura za maoni zilikuwa zimewasahau.

Pili, na hapa ndipo ningependa mnisikilize hasa: asiyekuja asiwe na uwezo wa kuuvunja mdahalo.

Katika chama chetu shuleni, timu isipofika baada ya robo saa, waliofika wanapewa ushindi wa mezani. Lakini hadhira haipati kitu, na ndiyo inayoumia. Kwa hiyo tulibuni utaratibu. Timu zote hutuletea muhtasari wa hoja zao siku mbili kabla. Upande mmoja usipofika, mwenyekiti husoma hoja zao kwa sauti, moja baada ya nyingine, na waliofika huzijibu. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo, waliokosa walikuja mbio wiki iliyofuata wakilalamika kwamba hoja zao zilisomwa vibaya. Niliwaambia dawa yake wanaijua.

Wagombea wetu wote wana manifesto. Huzizindua kwa mbwembwe, bendi zikipigwa. Basi mimbari ya asiyekuja ibaki pale, jina lake limeandikwa, taa ikiwaka. Swali likiulizwa, msimamizi asome ukurasa wa manifesto yake unaohusu jambo hilo, neno kwa neno, kisha aliyepo aombwe aukosoe au aukubali. Manifesto ikiwa haina kitu kuhusu jambo hilo, msimamizi aseme hivyo na aendelee. Hapo hata akija mmoja tu tutakuwa na mdahalo, si mahojiano ya kumpaka mtu mafuta. Na huyo aliyepo hatapata ile raha ya kujisemea bila mtu wa kumpinga, ambayo nashuku huwafurahisha zaidi kuliko wanavyokiri.

Muda wake asipewe mwenzake. Asiyekuja pia asipewe saa nzima kwenye kituo kingine usiku huo huo. Hapa nasema nanyi wamiliki waziwazi. Mkikubaliana kwa pamoja kupeperusha mdahalo, halafu mmoja wenu akamfungulia mlango wa nyuma aliyekimbia, basi kanuni zote hizi ni bure. Mwaka 2013 mliweza kuungana, vituo vya runinga na redio kwa makumi, mkarusha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mnajua namna ya kufanya.

Tatu ni lugha. Nimelisubiri hili, mnisamehe.

Midahalo yetu ya urais imeendeshwa kwa Kiingereza. Ibara ya 7 ya Katiba inasema Kiswahili ndicho lugha ya taifa, na kwamba ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Wagombea hao hao mchana wake wametoka kwenye mikutano ya hadhara wakizungumza Kiswahili, Sheng na lugha zao za nyumbani, wakiomba kura kwa methali na nyimbo. Jioni ikifika wanavaa tai na kuhamia lugha ambayo nyanya yangu, aliyekuwa akipiga kura kila uchaguzi, hakuijua zaidi ya salamu. Kura anaombwa kwa lugha anayoielewa. Maelezo yanatolewa kwa lugha nyingine.

Tena Kiingereza huwaficha. Nimeliona darasani. Mwanafunzi anaweza kusema kwa Kiingereza kwamba atapanua wigo wa mapato na kuweka mazingira wezeshi, na ukasikia makofi. Mwambie aseme hilo hilo kwa Kiswahili cha kawaida na itambidi aseme: nitaongeza kodi, na nitaiongeza hapa na hapa. Maneno kama deni, riba, ushuru na njaa hayana mahali pa kujifichia. Mgombea anayeijua sera yake ataweza kuieleza kwa Kiswahili. Asiyeweza, tungependa kujua mapema.

Msiniambie hakuna wasimamizi. Kila jioni saa moja mna taarifa za habari za Kiswahili, na watangazaji wake wanahoji mawaziri kila wiki bila kugugumia. Ikiwa kutakuwa na usiku mbili, mmoja uwe wa Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Ikiwa ni usiku mmoja, basi uwe huo.

Kwenu IEBC neno langu ni fupi. Sitaki muandae midahalo. Mna kazi ya kutosha ya kuhesabu kura, na mkiibeba hii pia mtakuwa mmebeba lawama zake. Lakini siku mgombea urais anapowasilisha stakabadhi zake kwenu, anapewa karatasi nyingi za kutia saini. Ongezeni moja: kanuni za mdahalo, zikiwa zimeandikwa na waandaaji, pamoja na nafasi ya kujibu "nitahudhuria" au "sitahudhuria", na saini. Isimzuie kugombea, jibu lolote atakalotoa. Iwekwe tu hadharani, kama zilivyo karatasi zake nyingine. Atakayesema "nitahudhuria" mwezi wa Juni na kuingia mitini mwezi wa Julai, saini yake tutakuwa nayo.

Na ninyi wagombea. Najua washauri wenu watawaambia mdahalo hauleti kura. Huenda ni kweli. Mwaka 2022 tofauti ya wawili wa kwanza ilikuwa kura 233,211 kati ya zaidi ya milioni 14, na hakuna anayeweza kutuambia ni ngapi kati ya hizo zilitokana na mimbari tupu. Mimi simo katika biashara ya kubashiri. Ninalolijua ni kwamba wagombea wenza wanne wa mwaka huo walikuja wote. Rigathi Gachagua na Martha Karua walikabiliana tarehe 19 Julai, na mapema jioni hiyo Justina Wamae na Ruth Mutua walikuwa wamekabiliana vilevile. Hakuna aliyekufa. Tulibishana kuwahusu kwenye matatu wiki nzima, na mara moja tulikuwa tukibishana kuhusu walichosema badala ya makabila yao.

Mkiona kanuni zinawaonea, zipingeni sasa, hadharani, kwa maandishi, zikiwa bado rasimu. Pendekezeni msimamizi mnayemwamini. Pendekezeni mada. Lakini tusije tukasikia siku mbili kabla kwamba mmegundua jambo.

Waandaaji, nikipata rasimu yenu nitaibandika kwenye ubao wa chama chetu, karibu na ratiba ya muhula. Wanafunzi wataisoma kwa kalamu nyekundu, maana ndivyo nilivyowafunza, na maoni yao nitawatumia. Baadhi yao watakuwa wametimiza miaka 18 kufikia Agosti hiyo na wameshaniuliza vituo vya kujiandikisha viko wapi. Swali lao la pili lilikuwa kama mdahalo utakuwepo. La kwanza nililijibu.

Wenu mtiifu,
Mwalimu wa Kiswahili, mlezi wa chama cha mdahalo